FreeCAD 1.0 Nachingwea: Kisu cha Korosho Kutoka Kwenye Skrini

Imekubali! Patani ya plaiwudi ya kisu cha kubangulia korosho ninayo mkononi sasa hivi. Mpindo wake unalifuata ganda bila mwanya, na kazi yote, tangu mstari wa kwanza kwenye skrini hadi njia ya mwisho ya endimili, kile kikatio kinachozunguka cha mashine, imepita ndani ya programu moja isiyouzwa. Unaipakua bure, inakaa kwenye kompyuta yako bila kudai intaneti wala ada ya mwezi, na inaitwa FreeCAD 1.0. Wachongaji wa Nachingwea, wachomeleaji wa Ruangwa, nyote mnaoletewa kipuri kilichovunjika na kuulizwa kama mnaweza kutoa kingine kama hicho: hii ni yenu!

Mradi wenyewe si wa juzi. Ulianza mwaka 2002, ukakuzwa na watu wa kujitolea wa nchi nyingi, na kwa zaidi ya miaka 20 kila toleo lilibeba namba inayoanza na sifuri. Novemba 2024 ndipo walipokubali kuandika 1.0, na ukiifungua unaona walichokuwa wanasubiri. Katika matoleo ya nyuma, ukichora kipande, ukatoboa tundu juu ya uso fulani, kisha ukarudi kurefusha kipande, programu ilizipa nyuso na kingo namba mpya. Tundu likahamia kwingine, au mchoro wote ukajaa alama nyekundu. Watu wengi waliikimbia FreeCAD kwa sababu hiyo moja tu. Toleo hili limelishughulikia tatizo hilo kwenye mizizi. Bado kuna michoro tata inayoweza kulichokoza, lakini kwa vipuri vya aina yetu, puli, bushi, nyumba za beringi, visu, nimevuta vipimo mbele na nyuma na mchoro umetulia tuli.

Sasa weka hilo kwenye korosho. Mashine ya kubangua kwa mkono ina visu viwili vilivyopinda, vinaibana korosho pande zote mbili na kulipasua ganda bila kuifikia karanga ya ndani. Korosho karanga iliyotoka nzima ina bei, iliyovunjika inashuka daraja. Ndiyo maana korosho ghafi huchambuliwa kwa ukubwa kabla ya kubanguliwa: kisu cha korosho kubwa hakiitendei haki ndogo. Fundi mzuri wa tupa na grainda anaweza kunakili kisu kimoja, lakini familia nzima ya visu, vidogo kwa vikubwa, vyote vyenye mpindo wa aina moja, ni kazi ya kuumiza mgongo na macho.

Kwenye FreeCAD nimefungua jedwali, nikaandika urefu wa korosho kwenye kisanduku kimoja na unene kwenye kingine, nikauunganisha mpindo wa kisu na visanduku hivyo. Ukiandika 34 badala ya 30, kisu kizima kinajivuta! Tundu la skrubu linabaki umbali uleule kutoka ukingoni, kona zinabaki na mviringo wake. Nimekaa nabadilisha namba na kutazama kisu kikinenepa na kukonda, na sioni aibu kusema nilifurahi kupita kiasi.

Huna mchoro wa kuanzia? Piga picha kisu kilichochakaa. Kilaze juu ya karatasi ya grafu, simama mbali kidogo na uvute kwa lenzi, simu ikiwa sambamba na karatasi, kwa sababu picha ya karibu hupindisha kingo. Ingiza picha ndani ya programu, iambie mraba ule wa karatasi ni milimita ngapi, nayo inaipanga picha katika kipimo halisi. Kisha chora juu yake. Picha ikupe umbo tu. Vipimo vinavyobeba kazi, kama kipenyo cha tundu na unene, vichukue kwa vernia.

Nikafika benchi la CAM, yaani sehemu ya programu inayopanga njia za kukata, lililokuwa likiitwa Path katika matoleo yaliyopita, na hapo ndipo nilipoacha kukaa kitini. Unaichagua bodi uliyonayo, plaiwudi ya milimita 6, unaiambia endimili yako ni ya milimita 3.175, ambayo ndiyo inayoingia kwenye vichwa vya mashine ndogo nyingi, unachagua kukata kwa nje, na programu inajisogeza yenyewe nusu ya kipenyo cha endimili ili kipande kibaki na kipimo chake. Ukiongeza vishikizo, inaacha vidaraja vyembamba vya mbao vinavyoshikilia kipande kisiruke kikikaribia kukatika. Halafu kuna onyesho jipya la majaribio: unabonyeza, na unaiona endimili ikila bodi kwenye skrini, mpito kwa mpito, kabla hujachafua meza. Kama njia inapita mahali ulipoweka klampu, unaiona hapo. Kama kona ya ndani ni kali kuliko endimili inavyoweza kuifikia, unaiona hapo. Endimili ya mviringo haitoi kona ya ndani yenye nusu kipenyo kidogo kuliko chake, kwa hiyo viringisha kona zako mapema kwenye mchoro.

Mashine niliyoitumia ni ile ndogo ya mezani inayojulikana kama 3018, yenye eneo la kazi la takribani milimita 300 kwa 180. Ubongo wake ni programu huria ya GRBL, inayokaa ndani ya kidude cha Arduino. FreeCAD ina postiprosesa ya GRBL tayari, yaani kile kipande kinachogeuza njia za endimili kuwa msimbo wa G ambao mashine inauelewa. Hapa shika jambo moja: GRBL haizijui amri za mizunguko ya kutoboa, G81 na ndugu zake G82 na G83. Ukitoboa matundu, weka kwenye postiprosesa chaguo la kuzitafsiri amri hizo kuwa miondoko ya kawaida, la sivyo mashine itasimama na kukutupia kosa. Na soma mistari ya juu ya faili kabla ya kubonyeza kuanza. G21 ni milimita, G20 ni inchi. Ni sekunde chache tu, na zinaokoa endimili.

Kwa plaiwudi nilikwenda kina cha milimita 1 kwa kila mpito, kasi ya kusogea milimita 500 kwa dakika, na ukingo ukatoka safi. Mninga utakubali mwendo wa karibu na huo. Mpingo, ambao ni mzito hata unazama majini, unataka nusu ya kina hicho na endimili yenye makali mapya. Chuma cha kisu chenyewe mashine hii haikiwezi, na haina haja ya kukiweza. Patani ya mbao ndiyo mwongozo: unaichorea juu ya chuma cha springi ya gari, unakata kwa grainda, unamaliza kwa tupa, na kisu cha kumi kinafanana na cha kwanza.

Nachingwea ina kumbukumbu ndefu ya kipuri kinachotoka mbali. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walileta huku mpango wao wa karanga, ulioanza 1947, wenye vituo Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walileta trekta zilizotumika vitani, na hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa trekta. Mitambo ilichakaa na kuvunjika haraka kuliko vipuri na mafundi walivyoweza kuifuata, na Januari 1951 mpango ukafutwa. Reli iliyojengwa kwa ajili yake nayo ikafungwa miaka ya mwanzo ya 1960. Nalitaja hili kwa sababu faili halihitaji reli. Mchoro wa kisu niliouchora Nachingwea unaweza kufika Ruangwa kabla chai haijapoa, nao ni mdogo kuliko video moja ya harusi.

Lakini ufike salama! Hapa nataka kusimama kwa muda, maana programu hata iwe nzuri kiasi gani haitakusaidia kama faili limeharibikia njiani.

Faili lenyewe la FreeCAD lina herufi za FCStd mwishoni, na ndani yake ni kifurushi cha zipu. Hilo ndilo la kutunza, kwa sababu lina historia yote ya mchoro na jedwali lako. Kwa mtu anayetumia programu nyingine, toa STEP. Huu ni mfumo wa kimataifa, ISO 10303, uliotangazwa mara ya kwanza 1994, na unabeba nyuso halisi za kipande pamoja na vipimo vyake. Duara linabaki duara. STL, iliyozaliwa 1987 kwa ajili ya mashine za kuchapa vitu, inakata duara kuwa pembetatu ndogondogo na haibebi kipimo kabisa: namba 25 ndani yake inaweza kuwa milimita au inchi, na mpokeaji anabahatisha. Mtu akikuletea STL ya kipande kilichochorwa kwa inchi, ukaifungua kama milimita, utapata kipande kidogo mara 25.4. Kwa michoro bapa, kama patani yangu, DXF inatosha na karibu kila mashine ya kukata inaielewa. Ni ya Autodesk, tangu 1982. DWG ni ndugu yake mwenye ubahili. FreeCAD inahitaji kigeuzi cha pembeni ili kuifungua, hivyo mwombe mtumaji akupe DXF na uokoe jioni yako.

WhatsApp ndiyo posta yetu, basi itumie vizuri. Tuma faili kama dokumenti, kamwe si kama picha, kwa sababu picha hubanwa na kingo zake hufifia. Andika kipimo na toleo ndani ya jina lenyewe, bila nafasi wala alama za ajabu: kisu-korosho-34mm-v3 kinajieleza hata baada ya kupita kwenye simu nne. Na kila unapochapisha patani kwenye karatasi, chora pembeni mstari wa milimita 100, chapisha kwa ukubwa wa asilimia 100, kisha upime mstari ule kwa rula. Printa nyingi hubana ukurasa kidogo ili uenee, na asilimia chache za kubana zinatosha kuikosesha beringi mahali pake.

Ruangwa ina jambo lake la pekee. Wilaya ile ni nyumba ya madini ya kinywe. Mgodi wa Lindi Jumbo uko kule, na mradi wa Chilalo pia. Kinywe kinapitisha umeme. Vumbi lake laini likitua juu ya kidude cha umeme cha mashine linaweza kuunganisha nyaya zisizotakiwa kukutana. Ukifungua karakana jirani na kazi za kinywe, kifungie kidude hicho ndani ya boksi lililozibwa vizuri, na kompyuta iwe mbali na dirisha la upande unakovuma upepo. Umeme nao ukikatika katikati ya kazi, mashine inasahau ilipokuwa. Weka sifuri yako kwenye kona ya jiliwa au kibati kilichofungwa mezani, mahali utakapoweza kuparudia kwa uhakika. Usiiweke juu ya bodi ambayo itakuwa imeshakatwa.

Mapungufu yapo, na nayasema kwa upendo. Menyu zimejaa majina mengi, na siku ya kwanza benchi zake zinachanganya. Kazi ya leith, ambayo ndiyo mkate wa wachongaji wengi, haimo ndani ya benchi la CAM kama lilivyo. Kuna nyongeza za pembeni, ila mimi nisingeanza nazo. Badala yake kuna benchi la TechDraw, na hili linanisisimua karibu sawa na CAM! Chora puli ya mkanda wa B, ule wenye upana wa milimita 17 juu, mfereji wenye pembe ya digrii 34 kwa puli ndogo na 38 kwa kubwa. TechDraw inakutolea karatasi ya A4 yenye sura za mbele na za ubavuni na vipimo vyote. Mwandikie mchongaji kwamba nyumba ya beringi 6205 ni milimita 52, na bushi ya 25 ikae ndani ya nyongeza ya sifuri hadi 0.021. Leith inayozungushwa kwa mkono wa fundi mwenye karatasi kama hiyo inatoa kipuri ambacho hakina haja ya kugongwa kwa nyundo.

Kompyuta yangu ni ya kawaida, ina RAM ya gigabaiti 8, na programu inakwenda vizuri isipokuwa njia za endimili zikiwa ndefu mno. Hapo inafikiri kidogo. Kisakinishi ni cha mamia ya megabaiti, kwa hiyo kipakue usiku kwa bando la usiku, kisha kinakili kwenye fleshi na uwagawie wenzako. Leseni inaruhusu kabisa. Anza na mchoro bapa wenye tundu moja, upeleke hadi kwenye onyesho la majaribio, kisha ukate kipande cha plaiwudi chakavu. Patani zangu za visu vya korosho ziko tayari kwa saizi tatu, na yeyote wa huku mkoani Lindi anayetaka faili la STEP au DXF atalipata bure.