Mkasi, Karatasi Nyeusi na Taa

Mwaka 1989 Mfaransa Michel Ocelot alitengeneza mfululizo mfupi wa televisheni ulioitwa Ciné Si. Fedha zilikuwa haba, naye akageukia vitu rahisi: karatasi nyeusi, mkasi na taa. Alikata watu wenye viungo vinavyokunjika, akawalaza juu ya kioo kinachomulikwa kwa chini, kamera ikiwatazama kutoka juu. Mkono husogezwa kidogo, picha ikapigwa. Ukasogezwa tena, ikapigwa nyingine. Sekunde moja tu ya filamu hula picha 24.

Mfululizo huo husimulia ngano, ila wasimulizi ni watu wa zama zetu. Usiku, msichana, mvulana na fundi mzee wa mashine ya sinema hukutana katika jumba la sinema lililoachwa. Hapo hujadiliana. Leo tuwe nani? Tuwe katika nchi gani, karne ipi? Hufungua vitabu, hutazama mavazi na majengo ya wakati huo, hubishana kuhusu mwisho wa kisa, kisha vijana huvaa na kuingia mchezoni. Mara wako Misri ya mafarao, mara Japani, mara mwaka 3000.

Sehemu hii ya maandalizi ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Katuni nyingi za ngano humtupa mtoto moja kwa moja kwenye kasri, kana kwamba kasri lilijiotea lenyewe. Ocelot anamwonyesha kwanza mikono inayolijenga. Sisi tuliokulia kwenye paukwa na pakawa tunalielewa jambo hilo bila kuelezwa: msimulizi yupo mbele yako, unamjua, na hadithi haianzi mpaka umemwitikia. Mtoto anayeona ngano ikitungwa anaondoka akijua kwamba hata yeye anaweza kutunga.

Halafu kuna weusi wenyewe. Uso wa kivuli hauna makunyanzi wala mashavu yanayoiva kwa haya, hivyo hisia zote hubebwa na shingo, vidole na mwendo. Mkato ukikosewa kidogo tu, binti mfalme anaonekana amechoka badala ya kuwa na huzuni. Na kwa kuwa wote ni weusi kama wino, vijana wale wawili wanaweza kuwa watu wa taifa lolote, na mtoto yeyote anayetazama anaweza kujiweka mahali pao.

Tazama kisa cha Japani. Mwizi anapanga kumpora bibi kizee vazi lake la thamani, akajifanya msamaria wa kumbeba mgongoni. Bibi anapanda, na hashuki. Usiku kucha anamwendesha huku na kule, akifurahia mandhari na kughani mashairi, mwizi akihema chini yake. Kwa vivuli, wawili hao huwa umbo moja lenye vichwa viwili, na kichekesho chote kimo kwenye mgongo unaozidi kupinda.

Ufundi huu haukuanzia kwake. Mjerumani Lotte Reiniger alikata vivuli vya namna hii katika miaka ya 1920, na filamu yake ndefu ya mwaka 1926 kuhusu Mwanamfalme Achmed ilichota visa kutoka Alfu Lela Ulela. Ocelot, aliyeishi sehemu ya utoto wake Conakry, Guinea, alifahamika sana kwa filamu ya Kirikou mwaka 1998. Ndipo visa sita vya Ciné Si vikakusanywa na kuonyeshwa sinema mwaka 2000 kwa jina la Princes et Princesses. Mwaka 2010 aliurudia mtindo huo katika Dragons et Princesses, safari hii kwa kompyuta. Mkasi ulikuwa umewekwa kando, lakini vivuli vilibaki, na wasimulizi watatu pia.

Kisa kimoja kinatosha kupima thamani ya kazi hii. Mfalme ameahidi kumwoza binti yake kwa yeyote atakayeingia katika ngome ya mchawi. Wanawafalme wanakuja na silaha na majeshi, wote wanashindwa. Kijana mmoja asiye na kitu anaufikia mlango, anabisha hodi, anaomba kuingia. Mchawi anamkaribisha, anamtembeza ngome nzima aliyoijenga kwa akili zake. Kijana akirudi, mfalme yuko tayari kutimiza ahadi. Kijana anamshukuru, anakataa binti mfalme, na kusema kwamba mke anayemtaka ni mchawi.