Viazi vya Mirihi

Tumeirudia filamu ya The Martian (2015) ya Ridley Scott, iliyotokana na riwaya ya Andy Weir, tukijiuliza kwa nini nchi kavu isiyo na mtu wala mdudu inatuvutia hivi.

Dhoruba inayofanya Mark Watney aachwe na wenzake haituingii akilini. Kanieneo ya hewa ya Mirihi haifiki asilimia 1 ya hewa yetu. Upepo wake hauna nguvu ile. Hilo tunalisamehe, maana bila dhoruba hakuna hadithi.

Kinachotushika ni viazi. Huku kwetu chipukizi la kiazi halitazamwi mara mbili. Kule, mtu analima kwa kinyesi na maji aliyoyatoa kwenye mafuta ya roketi, na jani moja la kijani linatulegeza moyo. Ukame ndio unaolipa jani thamani.

Ila mandhari hiyo ilipigwa Wadi Rum, nchini Yordani, wanakoishi Mabedui na mifugo yao. Sisi tuliohama twajua: mgeni huona patupu pale mwenyeji anapoona kwao. Itazameni na vijana wenu, kisha waambieni kuwa jangwa lile lina wenyewe.