Choma Bambo Katikati ya Gunia

Drafti ya fantasi ya soka ikiisha, swali la kwanza chumbani ni lile lile kila Agosti: nani ana kikosi kikali? Jibu nalo hukosewa vile vile. Macho yanakimbilia mstari wa juu wa karatasi ya manila ukutani, yanakutana na jina la mshambuliaji Haaland, na hukumu imeshatolewa. Mwenye Haaland ndiye bingwa, wengine ni wasindikizaji.

Mimi huomba karatasi isibanduliwe kwanza. Chai inamiminwa tena, mvua inapiga mabati ya jengo letu hapa Uganda Road, nami naanza kusoma kutoka raundi ya sita kwenda chini.

Mtu wa Eldoret hapaswi kulishangaa hili. Huku Uasin Gishu mnunuzi wa mahindi hasomi gunia kwa mdomo wake. Anachukua bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji, analichoma gunia ubavuni, na punje za katikati zinateremka kiganjani. Anatenga zilizooza na zilizovunjika, anang'ata moja kusikiliza ukavu wake, ndipo mashine ithibitishe kama unyevu umeshuka hadi asilimia 13.5 inayotakiwa na bodi ya nafaka. Mdomoni mwa gunia kila mtu anajua kuweka mahindi meupe. Katika drafti vivyo hivyo: raundi mbili za kwanza karibu kila mtu hupata nyota, kwa sababu nyota ndio waliopo. Ukitaka kumjua mchaguzi, choma katikati.

Kwa asiyeujua mchezo huu: wengi wetu Kenya tumezoea fantasi ya kawaida ya Ligi Kuu ya Uingereza, ile ya kupewa pauni milioni 100 za kufikirika na kununua wachezaji 15. Humo watu elfu wanaweza wote kuwa na Salah. Drafti, iliyoletwa na ligi yenyewe msimu wa 2017/18, haina pesa wala nahodha wa kuzidishiwa pointi, na mchezaji akishachukuliwa ni wa mtu mmoja tu katika ligi yenu. Kuchagua huenda kwa zamu za nyoka: wa kwanza hadi wa kumi, kisha wa kumi anaifungua raundi ya pili na zamu zinarudi hadi kwa wa kwanza. Kwa hiyo hakuna kosa la kununua ghali. Kuna kosa la kuchukua mapema, na kuna kosa la kuchelewa.

Basi kabla ya kumhukumu yeyote, hesabu soko. Watu kumi mara wachezaji 15 ni majina 150: makipa 20, mabeki 50, viungo 50, washambuliaji 30. Ligi Kuu ina klabu 20. Kila klabu ina kipa mmoja anayeanza, kwa hiyo makipa wa kweli ni 20, sawasawa na nafasi zilizopo. Mabeki wanaoanza ni kama 80 kwa nafasi 50. Viungo wako tele, maana mchezo huu huwaandika mawinga wengi kuwa viungo. Washambuliaji ndio shida. Klabu nyingi siku hizi husimamisha mmoja tu mbele, kwa hiyo wanaoanza kila wiki ni ishirini na ushei, na sisi tunadai 30. Mtu wa mwisho kuamka atajaza nafasi yake ya tatu na kijana anayeingia dakika ya 83.

Ukitoka Eldoret kwenda Iten barabara inapanda taratibu, mashamba pande zote mbili, kisha ghafla ardhi inakatika na Bonde la Kerio liko chini ya miguu yako. Washambuliaji wako hivyo. Viungo ni kama uwanda wa kuelekea Moi's Bridge: kiungo wa thelathini na wa arobaini hawapishani sana. Mchaguzi mzuri anaujua ukingo uko wapi, na karatasi ya ukutani itakuonyesha kama aliujua. Tafuta jina la mwisho la mshambuliaji anayeanza kila wiki, kisha uangalie nani alilichukua na nani alikuwa nyuma yake akiwa mikono mitupu.

Ndiyo maana katika kila safu ninajiuliza: zamu yake iliporudi, nani walikuwa wamebaki? Nafasi ya kukaa inabadilisha hukumu nzima. Wa kumi huchukua jina la 10 na la 11, kisha anakaa majina 18 yakimpita hadi afikiwe tena kwenye la 30. Wa tano huchukua la 5, la 16, la 25. Hasubiri zaidi ya majina kumi. Huyu wa kumi akichukua washambuliaji wawili mfululizo, hata kama wa pili anaonekana kuchukuliwa mapema, simlaumu, kwa sababu safari yake ijayo ilikuwa ndefu na ukingo ulikuwa karibu. Wa tano akifanya hivyo hivyo namuuliza haraka ilikuwa ya nini.

Kuna kitu kingine ninachokitafuta, nacho kinaonekana tu ukisoma karatasi kwa mpangilio wa zamu: mkurupuko. Mtu mmoja anachukua kipa raundi ya tano. Jirani anashtuka, anafuata. Ndani ya dakika tano makipa wanne wamekwenda, na hakuna aliyejiuliza kama kipa wa kwanza na wa nane wanapishana pointi za kutisha kiasi hicho. Hawapishani. Katikati ya mkurupuko huo huwa yupo mtu mmoja aliyekaa kimya akaokota beki au mshambuliaji aliyeachwa na wenye hofu. Kalamu yangu inalizungushia jina hilo duara. Kwa makipa sina zaidi ya hayo, ila kwamba katika ligi ya watu kumi yeyote aliyemaliza na kipa asiyeanza klabuni mwake amejinyima nafasi bure, kwa kuwa hesabu ilimwambia wako 20 tu.

Sasa bambo lenyewe. Raundi ya sita hadi ya kumi ninamwangalia kila mchezaji kwa mambo matatu, na la kwanza ni dakika. Kucheza dakika 60 ni pointi mbili hata bila kugusa mpira wa maana. Chini ya hapo ni moja. Mchezaji wa klabu kubwa anayezungushwa na kocha, leo yumo kesho benchi, ana jina tamu na dakika chungu. La pili ni kazi aliyopewa: nani anapiga penalti, nani anapiga kona, nani anasimamia mipira iliyotengwa. La tatu ni jinsi mchezo ulivyomwandika. Bao la kiungo ni pointi tano, la mshambuliaji nne, na kiungo anapata moja zaidi timu isipofungwa. Anayeandikwa kiungo huku uwanjani anacheza kama mshambuliaji ni punje nono kuliko zote. Salah ameandikwa hivyo miaka mingi, na msimu wa 2024/25, akiwa na mabao 29 na pasi 18 za mabao, alifikisha pointi 344, rekodi ya mchezo huu. Huyo hafiki raundi ya sita, lakini wadogo zake wa namna hiyo wapo kila mwaka kwa mwenye subira ya kuisoma orodha hadi chini.

Agosti 2024 kijana mmoja wa kwetu, fundi wa simu, alikaa zamu ya saba. Jina la 67 katika drafti, lake la saba, lilikuwa Chris Wood wa Nottingham Forest. Chumba kilicheka. Wood alikuwa na miaka 32, mtu wa vichwa, hana mbwembwe. Nikamwekea alama ya juu kuliko wote kwenye mstari ule. Nilichokiona ni mshambuliaji anayeanza kila wiki, mpiga penalti, aliyetoka kufunga mabao 14 msimu uliotangulia, akichukuliwa wakati washambuliaji wa aina hiyo walikuwa wamebaki wawili au watatu. Wood alimaliza na mabao 20. Lakini nataka nieleweke vizuri: angevunjika mguu Septemba, alama yangu isingeshuka. Uchaguzi ulikuwa mzuri siku ile ile, kwa yale yaliyojulikana siku ile.

Hapa ndipo wengi tunapoteleza, na mimi ninalishikilia sana jambo hili. Matokeo ya drafti na matokeo ya msimu ni vitu viwili. Agosti 2023 hakuna aliyekosea kumwacha Cole Palmer. Alikuwa Manchester City, kijana wa benchi. Tarehe 1 Septemba akahamia Chelsea, akapewa penalti, akamaliza msimu na mabao 22, tisa kati yake yakiwa ya penalti. Anayekuambia Mei kwamba drafti yako ilikuwa mbovu kwa kumkosa Palmer anakupima kwa jua ambalo halikuwa limechomoza. Wamarekani, ambao ndio wenye asili ya drafti, wana kumbukumbu mbili za kulifundisha hili. Katika drafti ya kwanza ya NFL mwaka 1936, jina la kwanza kabisa kutajwa lilikuwa Jay Berwanger, na hakuwahi kucheza hata mechi moja ya ligi hiyo. Mwaka 2000 Tom Brady alitajwa wa 199, akaja kutwaa mataji saba ya Super Bowl. Wa 199 hakupatikana kwa ujuzi wa kutazama kesho; alipatikana na timu iliyoendelea kuchagua kwa makini hata chumba kilipokuwa kimechoka.

Jihadhari pia na pointi za mwaka jana. Programu hupanga wachezaji kwa namba fulani, na mchaguzi mvivu huifuata namba hiyo kama mstari wa rula. Unamtambua mara moja: safu yake inafanana na orodha. Pointi za mwaka jana ni mahindi yaliyokwisha kuuzwa. Linalotakiwa ni kujua kama shamba bado ni lile lile: kocha yule yule, nafasi ile ile, penalti bado ni zake? Na je, sheria za pointi zimebadilika? Tangu msimu wa 2025/26 beki akifikisha vitendo kumi vya ulinzi katika mechi, yaani kuondosha mipira, kuzuia mashuti, kukatiza pasi na kukaba, anapata pointi mbili. Kiungo na mshambuliaji wanatakiwa kufikisha 12, wakihesabiwa na mipira waliyoirejesha. Beki wa kati wa timu inayoshambuliwa dakika 90, aliyekuwa hatakiwi na mtu, amepata thamani. Niliposoma karatasi ya Agosti ya msimu huo, niliwatofautisha waliosoma sheria na wasiosoma kwa mabeki wao wa raundi ya nane na ya tisa tu.

Kisha kalenda. Kombe la Mataifa ya Afrika lilipangwa Morocco kuanzia 21 Desemba 2025 hadi 18 Januari 2026, na tarehe hizo zilijulikana mapema kabla ya drafti. Kuwa na nyota mmoja wa Afrika kunavumilika. Kuwa na watatu katika safu ya mbele, bila wa kuziba pengo, ni kujiandalia Krismasi ya njaa. Wala si wiki za mashindano peke yake: Januari 2024 Salah aliumia msuli wa paja kule Côte d'Ivoire katika mechi na Ghana, na waliomhesabia siku za mashindano tu walimsubiri zaidi ya walivyopanga.

Raundi tatu za mwisho napita haraka, ila sizidharau. Wanaoanza kikosini mwako ni 11, wanne ni wa benchi, kwa hiyo hapa watu huweka mzee wa kutegemewa anayepata pointi mbili mbili. Mimi humpa alama aliyeweka tumaini: kijana aliyeng'ara mechi za maandalizi, majeruhi atakayerudi Oktoba, mchezaji anayesemekana kuhama. Wa pointi mbili mbili watapatikana wiki yoyote miongoni mwa wasio na mwenyewe. Maombi ya wachezaji hao hufungwa saa 24 kabla ya kikosi kufungwa, na aliye mkiani hupewa kwanza. Mechi ya kwanza ikiwa Jumamosi saa nane na nusu mchana kwetu, kikosi kinafungwa saa saba, na maombi Ijumaa saa saba, saa ya chakula. Mwisho wa Oktoba Uingereza wanarudisha saa zao nyuma na saa hizo mbili za kufunga zinasogea hadi saa nane. Nimeona vikosi vizuri vikidhoofika Novemba kwa kusahau maombi ya Ijumaa tu.

Nikimaliza, ninaandika alama kwa penseli chini ya kila safu. Sijumlishi majina makubwa. Nahesabu maduara: mara ngapi mtu huyu alichukua kilichokuwa kinakaribia kwisha, mara ngapi alituliza mkono wengine wakikurupuka. Maduara manne katika raundi 15 ni kikosi kizuri. Sita nimeyaona mara moja tu.

Karatasi inakunjwa mara nne na kuwekwa kwenye droo ya meza ya fundi wetu, chini ya bisibisi zake. Tunaifungua tena wiki ya pili ya Januari, na hatuangalii msimamo wa ligi siku hiyo. Tunapitisha kidole kwenye raundi ya sita hadi ya kumi, jina kwa jina, tukiuliza swali moja: huyu bado anaanza? Mwaka jana, katika safu iliyochekwa Agosti, kidole kilisimama mara tano, na mara zote tano jibu lilikuwa ndiyo.