Ushujaa Usio na Gharama

Imekuwa desturi siku hizi kuusifu kila mchezo wa wahusika unaompa shujaa tuzo kwa kuitaja nia yake, kana kwamba kutaja na kutenda ni jambo moja; nami siwezi kuendelea kunyamaza sifa zikimiminwa mahali pasipostahiki. Toleo la 2014 la Dungeons & Dragons lilimruhusu msimamizi wa mchezo amtunuku Hamasa, yaani msaada katika kurusha dadu, mchezaji aliyeigiza vema itikadi, mafungamano au udhaifu wa mhusika wake; toleo la 2024 likampa kila shujaa wa aina ya binadamu Hamasa hiyo kila amalizapo mapumziko marefu. Usingizi si muradi, na kanuni imtuzayo aliyelala haikufungamana na moyo wa mtu yeyote.

Atakaye kupambanua kazi njema na aanze na hili ambalo wanagenzi hulipita daima: asitazame kitolewacho dadu ikikubali, bali kitokeacho dadu ikikataa. Greg Stafford, katika mchezo wake wa Pendragon wa mwaka 1985, alizipa tarakimu shauku za nafsi, utii kwa bwana, mahaba, chuki kwa adui, akamruhusu mchezaji aziite wakati wa dhiki. Lakini kabla ya upanga kupimwa, moyo hupimwa kwanza kwa dadu ya pande 20. Moyo ukiitika, shujaa hupata nguvu ambayo mazoezi hayawezi kumpa. Ukikataa, huingiwa na huzuni ya kumdhoofisha. Na dadu ikianguka vibaya kabisa, hushikwa na wazimu, asiwe tena chini ya amri ya mchezaji wake. Ndipo Lancelot, shujaa wa hadithi za kale aliyerukwa na akili kwa ajili ya mpenzi wake Guinevere, anapokuwa zao la kanuni wala si pambo la msimuliaji.

Nilipata kumwona msimamizi fundi akimwuliza mchezaji aliyekwisha kushika dadu, “Je, wampenda kweli?”, na yule, akiijua tarakimu yake kuwa ndogo, akairudisha dadu mezani, akapigana bila kulitaja jina la mpenzi wake, nasi sote tukamfahamu yule shujaa kuliko ambavyo wasifu wowote ungetufahamisha. Nimemwona pia ayari aliyeandika kuwa muradi wake ni kupinga dhuluma popote, nia pana iwezayo kuingia katika kila pigano, akavuna nyongeza usiku kucha pasipo kuchagua lolote.

Kwa hiyo nia njema ina jina la mtu au la mahali. Nia zisizidi tatu. Na tarakimu ya kila nia iandikwe kwa penseli, kama tulivyofanya zamani, maana moyo hubadilika, na karatasi isiyofutwafutwa ni ya mhusika ambaye hakuishi. Ukiletewa mchezo ukaambiwa mashujaa wake wana moyo, uliza kanuni humfanya nini mtu ambaye moyo wake umemsaliti. Ukijibiwa kwamba hazimfanyi kitu, kifunge kitabu.