Mkono Unaojua Kuacha

Mtoto wa Newala akianza kukoroma mchana na sauti ikamkauka, hutajwa vumbi, hutajwa baridi ya uwandani, kisha pumu. Dawa ya pumu anapewa, nafuu haipatikani. Miezi inapita, kilio chake kinabaki mnong'ono.

Ustadi wa kuugundua ugonjwa halisi wa mtoto huyu unaanzia kwenye sikio. Pumu kwa kawaida hupiga mluzi pumzi inapotoka. Koo lililozibwa hukoroma pumzi inapoingia. Tabibu wa zahanati anayemvua mtoto shati, akatulia, akaisikia tofauti hiyo na kumwandikia rufaa ya hospitali ya Ndanda au Mtwara, namheshimu sawa na bingwa wa hospitali ya Muhimbili, ambako safari ya mgonjwa huweza kuishia, zaidi ya kilomita 500 kwa barabara kutoka Newala.

Kinachotafutwa ni papiloma: vinyama vyenye vichwa vidogo vingi kama shada la zabibu changa, vinavyoota juu ya nyuzi za sauti. Ni nadra, na kwa kawaida si saratani. Huletwa na virusi vya papiloma, hasa aina ya 6 na ya 11, ambavyo mtoto huweza kuvipata kwa mama anapozaliwa. Vikiachwa, huziba njia ya hewa.

Katika chumba cha upasuaji, njia hiyo nyembamba hugombewa na wawili. Daktari wa usingizi huchomoa mpira wa hewa, mpasuaji anafanya kazi kwa dakika chache akitazama kwa hadubini, oksijeni ikianza kushuka anaondoka, mpira unarudi. Kisha wanaanza tena. Uzi wa sauti wa mtoto mdogo haufiki sentimita moja, na koleo likizama kupita ngozi laini ya juu, kovu litabaki na sauti haitarudi ilivyokuwa. Mbele kabisa, nyuzi mbili zinapokutana, mpasuaji mzuri husafisha upande mmoja tu na kuacha kinyama upande wa pili kwa makusudi, maana vidonda viwili vikitazamana huungana. Kwangu mimi, hapo ndipo ubingwa ulipo. Anajua vinyama vitaota tena, anajua mtoto atarudi, pengine mara nyingi, naye anamtunzia sauti ya ukubwani.

Mzazi, sauti ya mwanao ikikwaruza zaidi ya wiki nne, omba koo lake litazamwe. Akikoroma akiwa macho na mbavu zikibonyea, usingoje kesho: mpeleke hospitali mara moja.