Ham, Katikiro na Mtu wa Tatu

Makala nyingi za kutembelea miji mikubwa zina ugonjwa mmoja. Zinaanza na "mimi na rafiki yangu", halafu rafiki anapotea. Ukifika aya ya tatu hayupo tena. Kabaki mwandishi, daraja, ghorofa refu na ile "mandhari ya kuvutia" ambayo ningekuwa na uwezo ningeipiga marufuku. Rafiki hajasema neno, hajabisha, hajaumwa miguu, hajataka kwenda kula. Nimehariri makala za namna hiyo gazetini kwa miaka kadhaa na kila mara najiuliza: sasa huyu mwenzake alipelekwa kufanya nini, kushika kamera?

Ndiyo maana huwa nakirudia kitabu cha Ham Mukasa, *Uganda's Katikiro in England*, kilichotoka London mwaka 1904. Wapo wanaokisoma kama hati ya historia ya ukoloni, na wana haki. Mimi nakisoma kama kitabu cha watu wawili wanaozurura jijini.

Mwaka 1902 Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, yaani waziri mkuu wa ufalme ule, alialikwa Uingereza kwenye kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba. Ham akaenda naye kama katibu wake. Wakashuka mpaka Mombasa, wakapanda meli. Sherehe ilipangwa iwe tarehe 26 Juni. Siku mbili kabla, mfalme akapasuliwa kwa ugonjwa wa kidole tumbo na kila kitu kikaahirishwa mpaka tarehe 9 Agosti. Yaani mtu umevuka bahari kwa shughuli ya siku moja, unaambiwa subiri wiki sita. Kwa kitabu hiki ilikuwa bahati kubwa. Wageni walioletwa kuangalia taji wakabaki na nafasi ya kuangalia watu, magari, maduka, viwanda, wanyama waliofungiwa, na vyumba vya wenye nyumba zao.

Sasa hawa wawili si watalii waliokutana kwenye basi. Wote walikuwa watumishi vijana katika jumba la Kabaka. Wote walipona miaka ile ya Mwanga ambapo wenzao Wakristo walichomwa moto, na wote walipigana katika vita vya dini vilivyofuata. Ham alitoka vitani na mguu ulioumia, kwa hiyo huyu anayetutembeza London ni mtu anayechechemea. Kagwa alikuwa Katikiro tangu 1890. Ni rafiki, ndiyo, lakini ni rafiki ambaye pia ni mkubwa wako wa kazi, na hilo linasikika katika namna Ham anavyosema "sisi". Mara nyingi "sisi" yake ni ya wenzi wawili wanaoshangaa kitu kimoja. Ghafla inageuka: Katikiro anaulizwa, Katikiro anajibu, Katikiro anapewa kiti, na Ham anarudi nyuma hatua moja kuandika. Ukimsoma taratibu utaona mpaka huo unavyovukwa huku na huku, bila yeye kuutangaza.

Na Kagwa naye hakuwa bubu wa kusimuliwa. Mwaka 1901 alikuwa ameshachapisha kitabu chake cha historia ya wafalme wa Buganda. Kwa hiyo tuna waandishi wawili barabarani, na mwenye cheo ndiye aliyemwachia mwenzake kalamu. Nalipenda sana jambo hilo. Nadhani linaeleza kwa nini Ham anahesabu na kupima kila anachoonyeshwa, na kwa nini vipimo vyake ni vya nyumbani: anajua atasomwa na watu wa Mengo, na shahidi wake atakuwa amekaa palepale, mkubwa, mwenye kumbukumbu. Huwezi kutia chumvi mbele ya shahidi wa namna hiyo.

Lakini tusidanganyane, kuna kurasa zinachosha. Sifa kwa Waingereza zinamwagika bila kipimo, na kiwanda kikifuata kiwanda hata mshangao unachakaa. Wasomaji wa leo hufika hapo wakafunga kitabu: eti hawa walikuwa wanajipendekeza. Mimi nasita. Mkataba wa Buganda ulitiwa saini mwaka 1900, Kagwa akiwa miongoni mwa waliotia saini, na ardhi ya nchi yao ilikuwa imegawanywa upya. Mtu aliye katika hali hiyo akiuliza bunduki inatengenezwaje na chuma kinayeyushwa vipi, haulizi kama mtalii. Anataka kujua nguvu ya huyu aliyeingia naye mkataba imetoka wapi. Kujipendekeza kumo, sikatai. Ila upelelezi nao umo, na mara nyingi vinakaa katika sentensi moja.

Halafu kuna mtu wa tatu. Ernest Millar, mmisionari wa Kianglikana, alisafiri nao kama mkalimani na mwenyeji. Ndiye aliyekuwa anawaambia hiki ni nini na yule kasema nini. Waliporudi, Ham akaandika kwa Kiganda, na aliyekitafsiri na kukihariri kwa Kiingereza ni nani? Millar huyohuyo. Katika kazi yangu nimefanya mahojiano mengi kwa kupitia wakalimani, na kila mwandishi wa habari anaijua ile hali: mzee anaongea dakika tano, anacheka, anapiga goti kwa kiganja, mkalimani anakugeukia na kusema, "Amekubali." Sasa jiulize kuhusu kitabu ambacho mkalimani wake alikuwepo tangu mwanzo, akachagua cha kuonyesha, kisha akachagua cha kubakiza. Pale Ham anapocheka na Katikiro juu ya tabia fulani ya wenyeji, tunasikia kicheko kilichopita mikononi mwa mwenyeji. Kwamba kimebaki hata kidogo ni ajabu, na ndicho ninachokitafuta kila ninaposoma.

Tazama pia jalada. Jina la kitabu linamtaja Katikiro. Utangulizi ni wa Sir Harry Johnston, kamishna aliyeusimamia ule mkataba wa 1900. Tafsiri ni ya mmisionari. Mwandishi anakuja kama katibu wa mtu. Mwaka 1975 Taban lo Liyong alikitoa upya katika mfululizo wa waandishi wa Kiafrika wa Heinemann, na ungetarajia hapo mambo yarekebishwe. Kikaitwa *Sir Apolo Kagwa Discovers Britain*. Ni jina lenye utani mzuri, la kuugeuza uvumbuzi wa Wazungu kichwa chini, lakini aliyetembea na mguu mbovu na kuandika kila kitu bado hayumo. Toleo la Simon Gikandi la 1998 lilirudisha jina la zamani.

Katika Kiswahili tuna ndugu wa kitabu hiki, naye alitangulia. Salim bin Abakari, mzaliwa wa Ngazija, alisafiri mwaka 1896 mpaka Petersburg, Moscow na Siberia, na simulizi yake imo katika *Safari za Wasuaheli*, mkusanyiko alioutoa Carl Velten mwaka 1901. Kwa lugha namweka Salim juu: Kiswahili chake kinatufikia bila Millar wa kukitafsiri, chepesi, kikavu, na jicho lake kali. Lakini alikwenda kama mtumishi wa Bumiller, Mjerumani. Watu wanamkodolea macho yeye, mtu mweusi, na pembeni yake hakuna wa kumnong'oneza, "Umemwona yule?" Basi anaorodhesha: mji huu, chakula hiki, baridi hii. Ham angekuwa peke yake na Millar, nadhani angeandika hivyohivyo.

Ukikipata kitabu cha Ham, viwanda vipite haraka. Simama kila mahali wawili hawa wanapobaki peke yao chumbani.