Neno "Hadi" na Upimaji wa Kasi ya Intaneti Majumbani

Katika matangazo ya huduma za intaneti za majumbani yanayoandikwa kwa Kiswahili, ni vigumu kupata neno lifanyalo kazi kubwa kuliko neno dogo "hadi". Mteja huambiwa kuwa atapata "kasi ya hadi megabiti 20 kwa sekunde", naye hulipa akiamini kwamba amenunua megabiti 20. Tunakusudia kulichunguza neno hilo pamoja na istilahi chache zinazoambatana nalo, kwa kuwa mteja anayetaka kupima kama amepewa alichoahidiwa hukwama kwanza katika lugha, kabla hajakwama katika vyombo.

Kwa Mswahili, "hadi" ni mahali pa kufikia. Abiria aliyelipa nauli kutoka Tanga hadi Moshi, kisha akashushwa Korogwe, ana haki ya kudai fedha zake, na hapana atakayemwambia kwamba Korogwe nako kumo katika safari ya hadi Moshi. Lakini mteja wa intaneti aliyepata megabiti 3 huambiwa hivyohivyo: tatu zimo ndani ya ishirini. Neno limegeuzwa kutoka kikomo cha kufikiwa likawa dari isiyovukwa. Kiswahili kina neno la maana hiyo, nalo ni "isiyozidi". Tangazo likisema "kasi isiyozidi megabiti 20" litakuwa limesema kweli tupu, ingawa hatujui ni nani angevutiwa nalo.

Uingereza walilishughulikia jambo hili kwa kanuni za matangazo. Tangu mwaka 2012 kampuni iliruhusiwa kutangaza kasi ya "hadi" kiasi fulani iwapo angalau asilimia 10 ya wateja wake waliweza kuipata. Malalamiko hayakwisha, na kuanzia Mei 2018 kasi inayotangazwa ni sharti ipatikane kwa angalau nusu ya wateja katika saa za msongamano, yaani saa mbili hadi saa nne usiku, na iitwe "wastani". (Mfasiri asiye mwangalifu ataandika "saa 8 hadi saa 10", na papo hapo kipimo kizima kitahamia alasiri, watu wakiwa kazini na njia zikiwa nyeupe.)

Hilo neno "wastani" nalo lina hila yake. Tuchukue nyumba kumi: tisa zinapata megabiti 10 kila moja, na ya kumi inapata 110. Jumla ni 200, na wastani ambao mwanafunzi wa shule hufundishwa kuutafuta ni 20. Tangazo la "wastani wa megabiti 20" lingekuwa sahihi kwa hesabu, na nyumba tisa kati ya kumi zisingeiona kasi hiyo hata siku moja. Kanuni ya Uingereza haikukusudia wastani wa namna hiyo. Imekusudia mediani, yaani thamani ya katikati. Anayeleta kanuni kama hiyo katika Kiswahili hana budi kuandika "kasi inayofikiwa na nusu ya wateja". Ni ndefu, lakini haina mlango wa nyuma.

Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2015 inafaa zaidi kuigwa na wanaistilahi. Inataka mkataba wa intaneti ya nyumbani utaje kasi nne, ambazo sisi tungeziita kasi ya chini kabisa, kasi ya kawaida, kasi ya juu kabisa na kasi iliyotangazwa. Tofauti hizo zina uzito wa fedha: nchini Ujerumani, tangu Desemba 2021, mteja aliyethibitisha kwa vipimo vilivyokubaliwa kwamba huduma iko mbali na mkataba anaweza kupunguza malipo au kuvunja mkataba. Mahali ambapo lugha ina "kasi" moja tu, mteja hana cha kulinganisha na kipimo chake.

Tukija kwenye kupima kwenyewe, tunakutana na "kipimo data", istilahi iliyotumika katika baadhi ya tafsiri kwa maana ya uwezo wa njia kupitisha data. Hatuipendi. "Kipimo" ni chombo cha kupimia au matokeo ya kupima. Ukitaka kupima uwezo huo utalazimika kusema "kupima kipimo data", na matokeo yake yawe "kipimo cha kipimo data". "Upana wa njia" unaeleweka hata kwa fundi asiyesoma kamusi.

Neno "kupima" pia limelegezwa mno. Anayepima kwa simu akiwa chumbani amepima huduma, kuta za nyumba na simu yake kwa pamoja. Ndiyo sababu Marekani, katika upimaji wa kitaifa ambao ripoti yake ya kwanza ilitoka mwaka 2011, waliweka vifaa maalumu katika nyumba za watu waliojitolea, vikaunganishwa na ruta na kujipimia vyenyewe kwa saa mbalimbali. Tungependa "jaribio la kasi" liwe lile la mara moja, na "upimaji wa kasi" uwe ule wa kurudiwa kwa utaratibu.

Kuhusu biti na baiti, tofauti ni ya irabu chache masikioni, lakini ni mara nane katika hesabu. Megabiti 20 kwa sekunde ni megabaiti 2.5; faili la megabaiti 1,000 litachukua sekunde 400, siyo 50. Vifupisho Mb na MB havimsaidii msomaji, hasa wakati watu wamezoea kutamka "embii" kwa vyote viwili. Katika mikataba, maneno haya yaandikwe kamili.

Limebaki suala la kupakua na kupakia, maneno mazuri tuliyoyapata bandarini. Kasi inayotangazwa aghalabu ni ya kupakua peke yake, na ya kupakia huweza kuwa sehemu ndogo tu ya hiyo. Mwalimu anayefundisha kwa video kutoka nyumbani kwake anapakia mchana kutwa; tangazo linalomwambia "kasi" bila kutaja ni ya upande gani halijamwambia anachonunua.